Brashi ya waya kwenye wavu wa mishkaki

Mama Mishkaki, Majengo
Salaam aleikum. Nachoma mishkaki na kuku hapa mlangoni kila jioni, na wavu nausugua kwa brashi ya waya, ile ya kutolea kutu inayouzwa madukani kwa mafundi. Jana nimeona nyuzi mbili za waya zimenasa vyuma vinapokutana. Walaji wangu wengi ni watoto. Niiache kabisa?

Mchomaji wa Kibokoni
Waleikum salaam dadangu. Itupe leo, tafadhali. Hewa yetu ya chumvi huzila zile nyuzi pale zilipochomekwa kwenye mbao, kisha ukisugua kwa nguvu zinakatika. Uzi ukigandia mafuta ya wavu, nyama inaondoka nao, na mlaji hauoni. Unachoma koo, hata utumbo unaweza kutoboka. Mwaka 2012 CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa taarifa ya wagonjwa 6 wa namna hii, wote walionwa katika jimbo la Rhode Island.

Mimi natumia makumbi ya nazi, na sitaki kingine. Nyama ikiisha, acha makaa yaunguze ukoko mpaka ukauke. Shika kumbi kwa koleo, lichovye maji ya chumvi, ulikung'ute, halafu sugua kufuata urefu wa vyuma. Utasikia chaa! na weusi unaanza kuachia. Nyuzi za kumbi zikibaki zinaungua papo hapo. Malizia na nusu kitunguu kwenye uma. Maji usimwage juu ya makaa, jivu litakurukia usoni.

Mama Mishkaki, Majengo
Ahsante kaka. Na ukoko wa siku nyingi?

Mchomaji wa Kibokoni
Loweka wavu uliopoa kwa maji moto na sabuni, kwaruza kwa kipande cha mbao, suuza, kausha juu ya moto na upake mafuta usishike kutu. Kabla ya kuchoma tena, pitisha kitambaa cheupe kibichi pande zote, ukivaa glavu. Uzi uliobaki utanasa hapo.

Nesi wa Likoni
Niongeze moja. Mtu akila nyama choma kisha akahisi kitu kinamdunga kooni, msimpe tonge la ugali wala ndizi kama mnavyofanya kwa mwiba wa samaki. Aende hospitali hata usiku, amwambie daktari wazi kwamba huenda ni waya, apigwe picha. Tumbo likiuma sana baadaye, vilevile.

Mama Mishkaki, Majengo
Nimeitupa. Makumbi nitaomba kwa muuza madafu.

Mchomaji wa Kibokoni
Ya dafu ni mabichi, hayasugui. Nenda kwa wanaofua nazi kavu, watakupa gunia bure.