Surua ilipoingia nyumbani kwenu, mliigundua lini? Tupeane uzoefu

Wanajamvi, salaam. Mwanangu wa kwanza aliugua surua akiwa na miezi saba, kabla ya umri wa kuchanjwa, na mpaka leo roho inaniuma. Aliambukizwa na binamu yake, aliyekuja kututembelea akiwa na mafua. Mafua tu, ndivyo tulivyodhani: kamasi, kikohozi kikavu, macho mekundu yanayotoa machozi. Akambeba mtoto siku nzima. Siku ya tatu vipele vikamtoka binamu huyo nyuma ya masikio, vikashuka usoni na kifuani, ndipo tukawatenga tukidhani tumewahi. Siku kumi baadaye mwanangu akaamka anawaka moto.

Kwenu ilikuwaje? Nini kilitangulia vipele?

Nesi wa Zamu
Pole sana mama, hukuzembea. Mgonjwa wa surua anaambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada yake. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa ngozi, kumbe kirusi kinaingia kwa pumzi. Kikifika mapafuni hudakwa na seli za kinga, zile zile zilizowekwa kutulinda. Kirusi kina protini mbili juu yake: moja inaishika seli, nyingine inavuta utando wa kirusi mpaka uungane na utando wa seli, kisha vinasaba vyake vinamwagikia ndani. Seli hiyo inakibeba hadi kwenye tezi, kinazaliana humo siku kadhaa, kinasambaa kwa damu, halafu kinarudi kwenye njia ya hewa na kutoka kwa kikohozi. Vipele ni kinga ya mwili ikipambana na seli zilizokwisha kuambukizwa. Ukiviona, jua kirusi kimekuwemo kama wiki mbili.

Mwalimu wa Awali
Mimi kilichonishangaza ni hewa. Mtoto mmoja alichukuliwa na mzazi wake asubuhi akiwa na homa. Mwingine, ambaye hakuwa amechanjwa, aliingia chumba kile kile nusu saa baadaye kufuata mkoba wake. Hawakuonana kabisa, naye akaugua. Nilikuja kuelezwa kwamba kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka.

Baba wa Mapacha
Mwalimu umenikumbusha mbali. Sisi tuliokolewa na tochi ya simu. Pacha mmoja alikuwa na homa na kikohozi, hana kipele hata kimoja. Daktari akamwambia afumbue mdomo, akanionyesha ndani ya shavu, usawa wa magego: vidoa vyeupe kama chembe za chumvi juu ya nyama nyekundu. Akasema hii ni surua. Pacha wa pili akachanjwa siku hiyo hiyo, maana chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na kirusi inaweza kumkinga. Hakuugua. Wa kwanza alipewa vitamini A siku mbili mfululizo, akapona macho yake yakiwa salama.

Dada Mkubwa
Mdogo wangu alipona surua, lakini mwaka uliofuata hatukupumzika. Masikio, kifua, kuhara, kila mwezi na lake. Nesi, vinahusiana?

Nesi wa Zamu
Sana, dada. Miongoni mwa seli ambazo kirusi huingia ni zile zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa ya zamani. Utafiti uliochapishwa 2019 uliwapima watoto kabla na baada ya surua, ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili, yaani protini za damu zinazotambua vijidudu, walizokuwa nazo. Mwili unalazimika kujifunza upya.

Mleta uzi
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mwanangu alipata nimonia, akalazwa, tukarudi naye nyumbani. Sasa nimetoka kuangalia kadi ya mdogo wake: dozi ya kwanza imo, ya pili imepita tarehe. Kesho asubuhi nampeleka.