Gari la harusi: Eldorado 1976 la wazi, limeshushwa. Denver hadi Glenwood Springs, Januari

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Kuna harusi Glenwood Springs, Colorado, katikati ya Januari, na maharusi hawataki kusikia gari jingine ila la wazi. Lililopatikana ni Cadillac Eldorado la 1976, liko hapa Aurora. Limefanyiwa kazi: mbele limeshushwa, nyuma springi zimetolewa zikawekwa za hewa, tangi na kompresa viko kwenye buti. Rimu ni za inchi 20, matairi ya kiangazi. Paa ni la turubai, kioo cha nyuma cha plastiki. Ni kama maili 160 kwa I-70, barabara kuu inayopita milimani. Litafika? Niongeze nini, nitoe nini?

Mdogo wenu, Aurora

---

Marahaba. Magari ya Kimarekani ya zamani yana kitako chepesi. Weka mifuko minne ya mchanga kwenye buti, juu ya ekseli, litashika barabara. Au likodie trela ulale usingizi.

Thornton

---

Mzee wa Thornton, samahani, mchanga huo ni dawa ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Eldorado linavutwa na magurudumu ya mbele tangu 1967. Hili la 1976 lina injini ya V8 ya lita 8.2, na injini na gia vyote vimekalia ekseli ya mbele. Uzito huo ndio unaolisaidia kupanda theluji. Ukijaza buti, pua inanyanyuka na mvuto unapungua. Kwa hiyo buti litolewe vitu: spika kubwa, betri za ziada, kila kisichohitajika.

Ndugu wa Aurora, gari lenyewe halina tatizo, tatizo ni mapambo yake. Anza na matairi. Rimu za 20 zibaki gereji. Gari lilitoka kiwandani na tairi za LR78-15, na saizi ya leo inayokaribiana nayo ni 235/75R15, ambayo matairi yake ya theluji yanapatikana. Tafuta rimu za chuma za inchi 15 zinazopita kaliper (kibano cha breki) bila kugusa, uzijaribishe kwa mkono kabla hujalipa. Kwenye ubavu wa tairi tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Herufi M+S (tope na theluji) zinakubalika kisheria, lakini alama ya mlima maana yake tairi limepimwa kwenye theluji. Nunua manne. Wapo wanaonunua mawili ya mbele kwa kuwa ndiyo yanayovuta. Kwenye kona ya mteremko mbele panashika, nyuma panateleza, na gari la karibu mita 5.7 likianza kujizungusha hulirudishi.

Upepo pima asubuhi gari likiwa nje limepoa. Kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti, tairi linapoteza kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi). Ukijaza kwenye gereji ya nyuzi 60, kesho nje ni nyuzi 10, umeshapoteza karibu psi 5.

Urefu sasa. Mbele ya gari hili hakuna springi za koili, kuna toshenibaa, vile vyuma virefu vinavyojisokota. Aliyelishusha alilegeza bolti mbili za kurekebishia. Nyanyua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, magurudumu yaning'inie ili bolti zisibebe mzigo, halafu kaza kulia, mizunguko sawa pande zote mbili. Teremsha, lisukume mbele na nyuma likae sawa, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi kushoto na kulia. Rudia mpaka vipimo vilingane. Kisha lazima alaimenti, kwa sababu ukibadilisha urefu matairi ya mbele yanabadilika mwelekeo. Wakati uko chini, kagua raba za joint za shafti za mbele. Gari lililoshushwa muda mrefu huzichana kwa pembe mbaya, na raba iliyochanika ikiingia tope la chumvi joint haidumu.

Nyuma, springi za hewa. Kompresa inavuta hewa yenye unyevu, unyevu unakuwa maji chini ya tangi, maji yanasafiri hadi kwenye valvu na kuganda. Valvu ikiganda wazi, gari linalala chini usiku na asubuhi halinyanyuki. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni mpaka itoke hewa kavu, na kwenye bomba la kompresa weka chujio la kukausha. Urefu uwe wa kati. Ukizijaza mpaka mwisho ili lionekane refu, nyuma panakuwa pagumu kama toroli, na gurudumu linalorukaruka halishiki barafu.

Kulanti, dawa ya rejeta isiyoganda, iwe nusu kwa nusu na maji. Hiyo inalinda hadi nyuzi 37 chini ya sifuri za Selsiasi. Ipime kwa kipimo, usiamini rangi.

Fundi, Commerce City

---

Naongezea upande wa barabara.

Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero kina sheria yake ya matairi na cheni hata jua likiwaka. Kwa gari la kuvutwa na magurudumu mawili uwe na vyote: matairi ya theluji au M+S yenye kina kisichopungua inchi 3/16, na cheni au kifaa mbadala kinachokubalika. Hali ikichafuka zaidi wanatangaza sheria ya cheni kwa magari yote, na hapo ni cheni au soksi za kitambaa za matairi, la sivyo hupiti. Ukifunga barabara kwa kukosa vifaa, faini inapanda sana. Angalia COtrip, tovuti ya hali ya barabara za Colorado, kabla ya kuondoka, na tena ukifika Idaho Springs.

Kwa gari hili nunua cheni za daraja S, ndizo nyembamba zaidi. Zifunge magurudumu ya mbele. Fanya mazoezi nyumbani pakavu: funga, kata usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, uchungulie kama cheni inagusa hozi ya breki au madigadi. Barabarani, ukienda kidogo simama uikaze upya, maana cheni ya kwanza hulegea daima. Usizidi maili 30 kwa saa.

Kabureta itakuchosha kidogo. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000 unazopanda, na tunnel ya Eisenhower iko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, yaani kama futi 11,160. Theluthi ya nguvu imekwenda, na mafuta yanazidi hewa. Kaa njia ya kulia, usilazimishe.

Kazi iko kuteremka. Kutoka tunnel kwenda Silverthorne ni mteremko wa asilimia 7, na baada ya Vail Pass, mita 3,250, unakuja mwingine kama huo. Weka gia ya 2 mapema, pakiwa bado tambarare. Ukishusha gia katikati ya barafu, injini inakaba magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona, na usukani unakuwa kama haupo. Likitokea hilo, rudisha nyutro taratibu mpaka matairi yazunguke tena. Breki bonyeza, achia, bonyeza.

Foleni ikisimama kwenye theluji na umewasha injini, shuka utazame ekzosi. Kwenye magari yaliyopambwa bomba liko chini sana na theluji inalifunika upesi. Moshi unaingia kwenye gari, sumu yake ya kaboni monoksidi haina harufu ya kukuonya, na turubai haliizuii. Fukua bomba, au zima injini.

Silverthorne

---

Na paa, jamani, hakuna aliyeligusa.

Theluji usiikwangue kwa plastiki ngumu. Tumia brashi laini ya nywele, ukitoka katikati kwenda pembeni. Milango haina fremu juu ya kioo, kwa hiyo kioo huganda kwenye raba. Ukibonyeza swichi, mota inavuta na meno yake yanakatika. Paka raba zote silikoni usiku wa kuamkia safari. Zibua na mashimo ya kutolea maji chini ya paa. Yakiziba, maji yanaishia kwenye kapeti.

Kioo cha plastiki kikikunjwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi kinaweza kupasuka. Picha za paa wazi zipigwe hivi: gari lilale gereji yenye hita, turubai likauke kabisa, paa lifunguliwe humo humo injini ikiwaka na mlango wa gereji wazi, ndipo mtoke. Kulifunga nako mrudi ndani kwanza. Maua na utepe vifungwe Glenwood, mbali na grili.

Mkifika tu, oshesheni chini ya gari na bampa kwa maji ya vuguvugu. Barabara hizo humwagiwa kloridi ya magnesiamu, na kromu ya 1976 haina mbadala wa bei rahisi.

Lakewood