Queen kabla ya viwanja vikubwa: nianze na Rainbow 1974 au Hammersmith 1975?

Santuri Kuukuu aliandika:

Wanajukwaa, salaam. Binti yangu ana miaka kumi na saba, na Queen anaifahamu kwa zile nyimbo mbili tu zinazopigwa uwanjani mpira ukiisha. Nilipomwambia kuwa bendi hiyo ilianza kama bendi ya roki nzito, ya magitaa yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka na ngoma za kupasua kifua, alinitazama kama mtu anayedai kuwa mwembe wake uliwahi kuzaa nazi. Nimeahidi kumwonyesha. Tunayo Jumapili moja jioni kabla hajarudi shule ya bweni, kwa hiyo nafasi iliyopo ni ya onyesho moja.

Ninayo mawili. La kwanza ni la ukumbi wa Rainbow, London, ambako kamera ziliingia usiku wa tarehe 19 na wa tarehe 20 Novemba 1974, ikatengenezwa filamu fupi ya kuonyeshwa kwenye sinema, na maonyesho kamili yakaja kutolewa mwaka 2014. La pili ni la Hammersmith Odeon, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1975, ambalo BBC ililirusha mubashara kwenye BBC2 kupitia kipindi cha Old Grey Whistle Test, huku Radio 1 ikilirusha wakati huohuo.

Mimi naegemea Hammersmith. Kwa uzuri wa picha nakubali kuwa Rainbow inashinda, lakini pale Rainbow mhariri alikuwa na usiku mbili za kuchagua na mkasi mkononi, ilhali Hammersmith kilichokwenda ovyo kilikwenda ovyo mbele ya taifa zima. Fikirieni namna walivyofungua maonyesho katika ziara za miaka hiyo kwa wimbo wa "Now I'm Here": jukwaa giza tupu, moshi, mwimbaji wao Freddie Mercury anamulikwa upande mmoja, taa inazimika, kisha anamulikwa upande wa pili kana kwamba amepaa, kumbe huko amesimama mtu mwingine aliyevalishwa kama yeye. Mchezo kama huo, taa ikichelewa nusu sekunde, umeumbuka. Naombeni hoja.

Besi Nzito alijibu:

Mkuu, hapa nitakupinga. Umesema unataka kumwonyesha binti bendi ya roki nzito, basi pima uzito wenyewe. Rainbow wanapiga "Father to Son", wanapiga "Flick of the Wrist", na wanapiga "Stone Cold Crazy", wimbo wa mbio ambao Metallica waliurekodi upya mwaka 1990 wakaupatia tuzo ya Grammy. Zote tatu Hammersmith hazimo. Badala yake utapata mseto wa nyimbo za zamani za rokenroli, ambao kwangu ni wa kuchangamsha ukumbi tu.

Angalia pia walikuwa katika hali gani. Albamu ya "Sheer Heart Attack" ilitoka tarehe 8 Novemba 1974, siku kumi na moja tu kabla ya usiku wa kwanza. Mpiga gitaa Brian May alikuwa ametoka kitandani: homa ya ini ilikatiza ziara yao ya Marekani mwezi Mei, kisha vidonda vya tumbo vikamlaza tena wenzake wakiwa studio. "Killer Queen" ulikuwa umepanda hadi namba mbili, na kileleni walikuwa hawajawahi kufika. Ni watu wenye njaa, na njaa hiyo unaiona. Sikiliza unapoanza wimbo wa "In the Lap of the Gods": ule ukelele mwembamba unaopanda hadi unadhani ni mashine unatoka kooni mwa Roger Taylor, mpiga ngoma, aliyeketi nyuma ya ngoma zake na vijiti mkononi. Hakuna utangazaji wa mubashara unaoweza kuongeza kitu hapo.

Mkazi wa Shangani alijibu:

Mimi ni mgeni katika mada hii, ingawa kijiografia naweza kudai kuwa mwenyeji. Watalii hupita mtaani kwetu kila siku wakiulizia habari za Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury mwenyewe, aliyezaliwa hapa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, na tangu mwaka 2019 wanalo jumba la makumbusho la kupigia picha. Sijamsikia hata mmoja akiuliza bendi yake ilisikikaje kabla ya umaarufu. Kwa hiyo nimefurahi kuona mnalijadili jambo lenyewe. (Kuna kinaya kidogo: katika miaka hiyo ya 70 Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati wenzetu wa bara walisubiri hadi mwaka 1994, lakini mawimbi ya BBC2 hayavuki bahari.)

Swali langu ni dogo. Kama mnatafuta televisheni ya mapema, kwa nini hamtaji Top of the Pops, kile kipindi cha muziki cha BBC, ya Februari 1974? Nimesoma mahali kuwa ndiyo iliyowatoa.

Santuri Kuukuu alijibu:

Ndugu yangu wa Shangani, ni kweli iliwatoa, ila haiingii katika ulinganisho huu. Tarehe 21 Februari 1974 kipindi kile kilipungukiwa na filamu ya David Bowie, Queen wakaitwa kuziba pengo kwa wimbo wa "Seven Seas of Rhye", nao ukapanda hadi namba kumi. Lakini walichofanya kilikuwa pleibeki, yaani vidole vinatembea kwenye nyuzi na sauti inatoka kwenye kanda. Na BBC yenyewe haikuitunza kanda ya kipindi hicho, kama ilivyofanya kwa vipindi vingi vya wakati ule.

Kabla hajatokea wa kuuliza kuhusu Hyde Park ya Septemba 1976: ule ulikuwa umati wa watu zaidi ya laki moja na nusu kwenye nyasi. Hapo tayari ni Queen ya viwanja, ambayo binti anaijua.

Fundi Mitambo alijibu:

Nimefanya kazi ndani ya gari la matangazo ya nje kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niruhusuni niweke sawa jambo moja ambalo mkuu ameliegemeza sana. Ni kweli kuwa usiku ule wa Hammersmith picha haikuwa na mkasi: mwongozaji anachagua kamera, na akikosea amekosea. Nimewahi kushuhudia kwa macho yangu kamera yetu ikimng'ang'ania mpiga kinanda aliyekuwa akijikuna sikio huku mwimbaji akimalizia beti yake ya mwisho, na hapakuwa na la kufanya. Lakini sauti ni habari nyingine. Mtu aliyekuwa sebuleni kwake mwaka 1975 aliipata kupitia spika moja ndogo ya televisheni, na ndiyo maana ya kushirikisha redio: mwenye redio ya stirio aliweza kuizima sauti ya televisheni, akaweka redio kando yake, akapata muziki kamili. Toleo linalouzwa tangu Novemba 2015 limesafishwa na kuchanganywa upya. Kwa hiyo, mkuu, unachomwonyesha binti ni picha ya mubashara yenye sauti iliyotengenezwa mezani miaka arobaini baadaye. Silaumu, maana sauti hiyo ni nzuri sana; nasema tu hoja yako ya mkasi ina mguu mmoja.

Kuhusu picha, usitarajie mengi. Kamera za video za wakati ule hazikupenda giza lenye taa moja kali. Mwanga ukisogea unaacha mkia kama wa kimondo, na nguo nyeupe ya Mercury inapogeuka ghafla utauona. Tena nyimbo mbili za mwishoni kabisa, ukiwemo huo "Seven Seas of Rhye", kwenye toleo hilo zimo kwa sauti pekee.

Bi Kinanda alijibu:

Nimewasoma nyote kwa utulivu, na naona mnabishana kama mafundi huku mtazamaji mwenyewe mmemsahau. Mtoto huyo bila shaka anaufahamu "Bohemian Rhapsody". Usiku wa mkesha ule wimbo huo ulikuwa namba moja Uingereza, katikati ya wiki tisa ulizokaa kileleni, na watazamaji wote waliusubiri. Sasa tazameni tatizo walilokuwa nalo. Ile sehemu ya katikati ya kiopera ilijengwa studio na watu watatu, Mercury, May na Taylor, waliorudiarudia sauti zao na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka zikawa kwaya nzima. Jukwaani wapo wanne, na mmoja wao, John Deacon wa gitaa la besi, si mwimbaji. Miaka iliyofuata walilimaliza jambo hilo kwa kuondoka jukwaani na kuiachia kanda icheze. Hammersmith walifanya jambo la kimuziki zaidi: Mercury anaanza kwenye piano, wanafika kwenye kipande cha gitaa, na pale sikio lako linapongoja opera wanakunja kona na kuingia "Killer Queen", kisha kipande cha "The March of the Black Queen", ndipo wanarudi kuufunga wimbo wa kwanza kwa yale maneno yake ya mwisho, taratibu kabisa. Mimi hupiga kinanda kanisani, na najua ugumu wa kuwahamisha watu kutoka wimbo wanaoupenda kwenda mwingine bila kuwaudhi. Pale wamewahamisha mara tatu.

Jambo lingine la ajabu ni hili: albamu ya "A Night at the Opera" ilikuwa imetoka mwezi Novemba, kama mwezi mmoja tu nyuma, na ukiondoa wimbo wa taifa uliopigwa kwa kanda wakati wa kuaga, kutoka albamu hiyo walipiga "Bohemian Rhapsody" peke yake. Karibu yote mengine ni ya albamu tatu za awali pamoja na nyimbo za kuazima. Kwa hiyo, kaka Besi Nzito, roki nzito unayoililia bado ilikuwamo, tena ikitolewa kwa watu waliofungua televisheni wakitaka kitu kingine kabisa.

Ila niseme neno juu ya gitaa, kwa sababu hapo ndipo ulinganisho wa haki unapowezekana. Rainbow, Brian May anapiga peke yake katikati ya "Son and Daughter". Hammersmith anaanzia kwenye "Brighton Rock" na kuangukia "Son and Daughter", na uwanja wake ni mpana zaidi. Anatumia mashine mbili za mwangwi. Anapiga kipande kifupi, ananyamaza. Baada ya kitambo mashine ya kwanza inakirudisha, naye anapiga kipande cha pili juu yake. Mashine ya pili inakirudisha tena kile cha kwanza, na sasa kuna magitaa matatu yanayopatana, kila moja likitoka kwenye amplifaya yake. Ni kuimba kwa kupokezana, isipokuwa kiongozi na waitikiaji ni mtu mmoja. Akiharakisha kidogo, mwitiko wake mwenyewe unamgonga. Tazameni mguu wake unavyohesabu, na uso wake anaposubiri noti irudi: ni uso wa mtu aliyebisha hodi na anasikiliza hatua za mwenye nyumba. Gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake kwa mbao za fremu ya meko kuukuu, na analipiga kwa sarafu ya Uingereza ya peni sita.

Besi Nzito alijibu:

Bi Kinanda, kwa gitaa nimenyoosha mikono. Kwa "Stone Cold Crazy" bado sijanyoosha. Nashauri hivi: wimbo wa "White Queen" umo katika maonyesho yote mawili. Mkuu auweke mara mbili mfululizo, kwanza Rainbow kisha Hammersmith, halafu binti aamue mwenyewe jioni iendelee na lipi.

Santuri Kuukuu alijibu, siku tano baadaye:

Nimefuata ushauri wa Besi Nzito. Kwa "White Queen" alichagua Rainbow bila kusita, akisema nguo zile nyeupe za mikunjo zilizobuniwa na Zandra Rhodes zinamfanya Mercury aonekane kama ndege aliyetua pabaya, na kwamba wimbo huo unastahili mtu wa namna hiyo. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga hotuba yangu ya kushindwa. Kisha akaniomba nimwekee gitaa la Hammersmith, kwa kuwa nilikuwa nimemsomea maneno ya Bi Kinanda, na hapo ndipo jioni yetu ilipoishia. Ameirudia sehemu ile mara nne. Mara ya tatu alizima picha akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, akijaribu kuhesabu sekunde kabla noti haijarudi.

Fundi Mitambo, mkia wa kimondo tumeuona. Aliudhani ni ubunifu wao wa makusudi, nami sikumsahihisha. "Stone Cold Crazy" hatukuifikia, Besi Nzito, itasubiri likizo ya Desemba. Asubuhi ya Jumatatu aliniomba sarafu. Amerudi shule na shilingi mia mbili mfukoni, akisema klabu yao ya muziki ina gitaa moja ambalo halina mwenyewe siku za Alhamisi.