Tunatafuta ruzuku ya laifjaketi na maji safi ufuoni (Seme, Kisumu), tuanzie wapi?

Nyar_Seme

Hamjambo wakuu. Sisi ni chama cha kina mama na vijana hapa Seme, wengi tunauza omena na wengine wanavua, tunataka kuomba pesa za wafadhili kwa mambo mawili. La kwanza laifjaketi za watu wanaovuka na wanaovua usiku. La pili maji, juu choo cha ufuoni ni kimoja na kimejaa, watu wanaenda vichakani, mvua ikinyesha yote inateremka ziwani na hayo hayo ndiyo tunachota asubuhi kupikia watoto. Kijana wetu mmoja ameona kwa intaneti kuna wakfu Marekani unaitwa BoatUS Foundation, unashughulika na usalama wa boti na maji safi, yaani shida zetu zote mbili. Hao wanaweza kutupea? Na kama haiwezekani, hapa nyumbani tubishe mlango gani? Cheti cha kikundi tuko nacho na akaunti ya benki tuko nayo. Naomba anayejua kweli ndio ajibu, tumechoka na watu wa kututoza "pesa ya fomu".

Nahodha_Mbita

Dada, hao wa Marekani wanasaidia vikundi vya kwao, usimalizie bando huko. Lakini kuna kitu wanafanya ambacho mnaweza kuiga bila kuomba ruhusa, wana vituo karibu na maji ambapo mzazi anaazimwa jaketi ya mtoto bure, wanaenda majini, wakirudi wanairudisha. Hiyo ndiyo inatufaa huku. Kuna ufuo nimewahi kupita nikakuta jaketi za msaada zimefungiwa stoo, bado ziko ndani ya nailoni yake, mwenye funguo ameenda matanga, na boti inang'oa nanga imejaa watoto wa shule hakuna hata mmoja amevaa. Iliniuma sana. Kwa hivyo mkiandika msiseme tu "tununulieni jaketi". Semeni zitakaa wapi, funguo itakuwa na nani saa kumi na moja asubuhi, nani anaandika kwa daftari, ikipotea nani analipa. Mfadhili anataka kusikia hayo kuliko hadithi ndefu ya umaskini.

Halafu pesa ikitoka msikimbilie ya bei rahisi. Ishike mkononi, bonyeza povu la ndani, likibaki limebonyea achana nayo. Vuta mikanda uone kama mshono unaachia, angalia kama kuna filimbi na ule utepe unaong'aa ukimulikwa na tochi. Ndani kuna namba ya nguvu ya kuelea: 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu, 100 ni ya maji yaliyotulia kiasi, 150 ni ya mawimbi, na hiyo imetengenezwa ikugeuze uso uangalie juu hata kama umezirai. Mvuvi wa omena anatoka na taa usiku, na dhoruba za hili ziwa hupenda usiku na alfajiri. Msimnunulie ya 50 mkasema mmemlinda.

MajiNyalenda

Nyar_Seme mamangu, hongereni kwanza. Ushauri wangu, hizo proposali zitenganisheni, ziwe mbili. Ukiunganisha jaketi na choo kila ofisi itakwambia nusu ya mradi wako si kazi yao.

Ya maji jaribuni GEF Small Grants Programme, inasimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na inapea vikundi vya mashinani moja kwa moja, kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Lakini hao ni watu wa mazingira. Waelezeni vile uchafu unaingia ziwani, mafunjo yaliyokatwa ufuoni mnataka kuyarudisha, magugu maji mtayafanyia nini, hapo mtasikilizwa. Watauliza pia mchango wenu, na si lazima iwe pesa, siku za kina mama kuchimba na kupanda zina thamani, kiwanja kina thamani, hesabuni vizuri muandike. Na fomu yao hailipiwi, anayekuitisha pesa ni mwizi.

Kuna pia Water Sector Trust Fund, hii iliundwa na Sheria ya Maji ya 2002 na ile ya 2016 ikaiendeleza, ila pesa yake mara nyingi inapitia kaunti, kampuni za maji ama WRUA, vile vyama vya watumiaji maji ya mto. Kama kuna mto unaingia ziwani hapo kwenu ulizeni WRUA yake ni ipi mjiunge. Na msiache kikao cha kamati ya tabianchi ya wadi, zile zilizokuja na FLLoCA, ule mpango wa kufadhili miradi ya tabianchi mashinani, nendeni wengi na mseme choo cha ufuoni kiingie kwa orodha ya miradi, watu hukaa nyumbani halafu wanashangaa orodha imejaa barabara.

Jakonyango_wa_Nyavu

Mimi naona mnaruka jambo moja. BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, iko kisheria tangu kanuni za 2007 na inakusanya ada hapo ufuoni kila samaki wakishuka. Kwa nini hiyo pesa isianze na jaketi chache hata kabla mfadhili hajaja? Ukienda kuomba ukiwa tayari umeanza unaongea ukiwa umesimama. Na si kila usalama ni jaketi, Idara ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, ule mradi wa HIGHWAY uliofadhiliwa na Uingereza ulisaidia kuufikisha kwa wavuvi, sasa mtu mmoja tu awe anaupokea kwa simu na kuuandika kwa ubao kwa Dholuo kila jioni kabla boti hazijatoka. Chaki ni bei gani?

Nyar_Seme

Mzee hapo kwa ubao umenifungua macho, kesho naanza nayo. Lakini BMU na chama chetu si kitu kimoja, na kuna maneno kidogo kati yetu. Barua ya maombi itoke kwa nani?

MajiNyalenda

Itoke kwa chama, lakini hamtafika mbali bila BMU, ufuo ndio wao wanausimamia. Waiteni mkutano, mkubaliane choo kitajengwa wapi na nani atakisafisha, wawaandikie barua ya kuunga mkono, muambatanishe na kumbukumbu za mkutano zikiwa na sahihi za wote. Watia sahihi wa benki wawe watatu na wasitoke nyumba moja. Angalieni pia cheti kisiwe kimeisha muda, wengi hurudishwa kwa hilo tu. Mkimaliza rasimu iwekeni hapa tuisome, lakini kwanza mfute namba ya akaunti.