Naombeni ushauri: shuka ya kupimia damu baada ya kujifungua, tuianzeje wodini?

Wakuu habari, mimi nesi wodi ya wazazi kituo kimoja huku Mbagala. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, na Tanzania tulikuwemo, ulionyesha ukikinga damu kwa ile shuka ya plastiki yenye vipimo na ukatoa matibabu yote kwa mpigo, madhara makubwa ya kuvuja damu yanapungua kwa 60%, ila sisi bado tunakadiria kwa macho, khanga imelowa unabahatisha tu na mara nyingi unabahatisha chini, inaniuma sana. Bosi anasema tusubiri vifaa. Jamani oksitosini (dawa ya kubana kizazi) ipo, dripu zipo, kukanda kizazi tunajua! Mlioanza kwenu mlipitia wapi, kwa mganga mkuu wa wilaya au mlianza kufundishana wenyewe wodini?