Jina la Wi-Fi limefichwa, lakini bando bado linaliwa

Swali
Habari zenu wakuu. Ninasimamia kompyuta za ofisi ndogo ya uhasibu katika jengo lenye wapangaji wengi. Tumeficha jina la mtandao na kuruhusu tu vifaa ambavyo anwani zake za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa mtandaoni) tumezisajili, lakini bando linakwisha mapema, na jana ukurasa wa ruta ulionyesha kompyuta ya mwenzetu aliye likizo ikipakua data ilhali ameondoka nayo. Ruta iko kwenye WEP, ile njia ya zamani ya kulinda Wi-Fi, kwa sababu printa yetu ya zamani haiungi kwa njia nyingine. Je, ni lazima tununue ruta mpya?

Jibu la 1
Hiyo si kompyuta ya mwenzenu, ndugu. Ni mtu aliyenakili anwani yake. Anwani ya MAC husafiri hewani waziwazi hata pale data inapokuwa imesimbwa (imegeuzwa isisomeke), na jina mlilolificha hutajwa na vifaa vyenu wenyewe kila vinapojiunga. Ila ugonjwa wenyewe ni WEP. Watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walianika udhaifu wake mwaka 2001, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba ufunguo wake wa biti 104 unaweza kupatikana kwa muda usiofika dakika moja. Kubadili nenosiri huku mkibaki kwenye WEP ni kazi bure.

Jibu la 2
Kabla ya kununua, angalia kama ruta inakubali WPA2 yenye AES, yaani ulinzi wa Wi-Fi uliokuja baada ya WEP, unaotumia usimbaji imara zaidi. Ruta nyingi zilizotoka baada ya 2006 zinakubali. Printa iunge kwa waya. Kisha chagua nenosiri refu, kwani WPA2 inapokea herufi 8 hadi 63, na usitumie namba ya simu wala jina la ofisi: mvamizi akishanasa mazungumzo ya kifaa kinapojiunga, anaweza kubahatisha maneno akiwa nyumbani kwake bila ruta kujua lolote. Zima pia WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuingiza PIN badala ya nenosiri. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Jambo hili linajulikana tangu 2011.

Jibu la 3
Naongeza moja. Simu nyingi za sasa humwezesha mfanyakazi kumpa jirani nenosiri kwa kumwonyesha msimbo wa QR tu, kwa hiyo wageni wafungulieni mtandao wao uliotengwa na kompyuta za hesabu.

Muuliza swali
Nashukuruni. Ruta ina WPA2, na printa ina tundu la waya nyuma. Je, orodha ya MAC niiache?

Jibu la 2
Iondoe tu, mkuu. Itakusumbua wewe kila anapokuja mfanyakazi mpya, na mwizi haimzuii. Badili pia nenosiri la kuingilia kwenye ukurasa wa ruta, maana yule mtu huenda alishafika huko.