Kolekole wanafuata chambo cha manyoya kisha wanageuka (maji makavu, Chwaka)

Kijana wa Chwaka

Asalaam aleykum. Wakubwa shikamooni.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Chwaka. Mgeni mmoja wa Uskoti aliniachia fimbo ya kuvulia, rili yake, na kikopo cha bati kimejaa vyambo vya manyoya, vizuri kama vipuli vya bi harusi. Nilichofahamu ni kwamba ni vya samoni, vya mtoni, wakati maji yamepungua. Zaidi ya hapo Kiingereza changu kiliishia.

Sasa shida yangu. Siku za bamvua maji yakishapwa, kama saa 4 asubuhi, hori linaloingia kwenye mikoko linabaki na maji ya magoti, pengine ya kiuno, meupe mpaka unaona kaa anavyotembea chini. Kolekole wadogo wa kilo moja hivi wanapita ukingoni. Vyambo vya mgeni naona uchungu kuvipoteza, kwa hiyo nimefunga vyangu kwa manyoya ya jogoo na nyuzi za gunia la mchele. Urefu wa kidole cha kati, unene wa gumba. Kolekole anakuja mbio, anafika shibiri moja, anageuka. Wengine kikitua tu wanatimka. Nitumie vya mgeni? Na vyangu nifungeje?

Mtu wa Tumbe

Yakhe, unene wa gumba? Hicho ni chambo au brashi ya chokaa?

Mie nakwambia kata ngisi, tia kwenye ndoana, umalize. Tena wakati wenyewe umekosea. Maji yakiwa makavu kabisa samaki roho mkononi, kila kivuli ni adui. Ngoja yaanze kujaa, yale ya mwanzo yanayokuja na povu na majani. Hapo kolekole anaingia horini na njaa yake.

Babu wa Wete

Marahaba mwanangu. Wa Tumbe kasema kweli kuhusu wakati. Ngisi namwachia mwenyewe, kwa sababu kijana hakuuliza ngisi.

Nimekaa Uskoti miaka 19, nikipika kwenye nyumba ya wavuvi kando ya mto Dee. Kule sheria hairuhusu kuvua samoni siku ya Jumapili, basi Jumapili ndiyo siku ya kufunga manyoya. Mzee aliyekuwa akiwaongoza wageni mtoni alinikalisha mbele ya jiliwa ndogo, nikishamaliza vyombo, akanifundisha mpaka vidole vikazoea. Wao chambo hicho wanakiita inzi. Nilicheka sana siku ya kwanza.

Samoni anatoka baharini kwenda kutaga mtoni, na akishaingia maji baridi hali tena. Kinywa kipo, njaa haipo. Akikamata inzi anakamata kwa kukereka, au kwa mazoea ya baharini. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na samoni ni mkizi wa mtoni. Msimu wenyewe vitabu vya skuli vinauita vuli, lakini usifikirie mvua zetu za vuli. Ni miezi ya majani kugeuka rangi na baridi kuingia, na Dee wanafunga kuvua tarehe 15 Oktoba. Mwaka ambao mvua imechelewa, Septemba mto unakonda, mawe yanatoka mgongo, samaki wamejazana kwenye vina wanangoja maji. Dume anaanza kuwa mwekundu na taya la chini linapinda kama ndoana. Hapo ukimtupia inzi mkubwa wa mto uliofurika umemfukuza.

Kwa hiyo wanapunguza. Ndoana inabaki ndefu kidogo, lakini manyoya yanakaa nusu ya mbele tu, nyuma chuma kitupu. Bawa ni nywele chache za mkia wa kindi, ukizishika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kwenye kikopo chako tafuta chenye mwili mweusi, utepe wa fedha umezungushwa, na ndevu za buluu kooni. Kama kipo, huyo ni Blue Charm, inzi wa Dee hasa. Bwana mmoja Wood, aliyevua pale Cairnton mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyeutangaza uvuvi huu wa inzi mdogo na mshipi uliopakwa mafuta uelee. Alifika hadi kuvulia ndoana iliyopakwa rangi tu, buluu au nyekundu, bila unyoya hata mmoja, na samaki akikamata. Ukiona unaongeza manyoya kwa sababu kiganja kinawasha, mkumbuke bwana huyo.

Sasa horini kwako. Unene ndio uliokuangusha. Kolekole ana njaa, kwa hiyo anakuja, lakini maji meupe yanampa nafasi ya kukagua. Kidagaa cha hapo ni chembamba, ukikigeuzia jua unaona uti wake. Chukua vinyoya viwili vya shingo ya jogoo, vile virefu vyembamba, na nyuzi za gunia zisizidi kumi. Ufunge mbele, ziache zielee nyuma. Urefu usizidi kidole kidogo. Rangi ya mchanga, au nyeupe na mgongo wa kijani uliofifia. Ukisharowesha, kikamue. Kikibaki kinene hata kimelowa, ng'oa nusu.

Na jambo hili lisikupite: vya mgeni usivitumie kwa kolekole. Ndoana za samoni za maji madogo ni za waya mwembamba kwa makusudi, ziwe nyepesi, zisizame kwenye maji yasiyokwenda kasi. Samoni unamchosha taratibu kwa fimbo ndefu. Kolekole hana taratibu, anakwenda moja kwa moja kwenye mizizi ya mikoko na wewe ni lazima umzuie. Tena chumvi itazila ndoana hizo kwa wiki moja. Iga wembamba wa manyoya, chuma kiwe kinene. Nunua ndoana fupi ya chuma kisichoshika kutu.

Mwendo nao ni tofauti. Samoni unamwachia mkondo umpelekee inzi, wewe unatuliza mkono. Kolekole ukituliza mkono amekwisha jua. Vuta kwa haraka, na akikukimbilia zidisha, usisimame kumwonea huruma. Kitue mbele yake hatua tatu nne, si kichwani. Kipande cha nailoni cha mwisho kiwe kirefu kuliko fimbo yako. Simama jua lisikupige mgongoni, kivuli chako kisimtangulie. Ukiona taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, anavuruga mchanga, tupa pembeni yake kabla ya kutafuta kwengine kokote. Kolekole wadogo humfuata taa kama paka anavyomfuata mpishi.

Mtu wa Tumbe

Babu, na hao samoni mlikuwa mkiwapika vipi?

Babu wa Wete

Wa mtoni wanarudishwa, mwanangu. Dee wamekubaliana kuwarudisha wote, samaki wamepungua. Mgeni analipa pesa nyingi, anasimama kwenye maji ya barafu kutwa nzima, akimpata anambusu anamwachia. Jikoni nilipika samoni wa kufugwa, wa kununua.

Mtu wa Tumbe

Subhanallah.

Mshona kofia

Nimeingia kwa sababu ya uzi. Kaka wa Chwaka, nikikisia uzi wako unateleza na manyoya yanazunguka shina la ndoana, ndiyo maana unarundika mengine kuficha. Paka uzi nta ya nyuki kabla hujaanza, uvute kwenye kipande cha nta mara mbili tatu. Sisi tunaoshona kofia za viua tunajua uzi mkavu hauna utiifu. Anza kwa kuzungusha uzi mtupu juu ya chuma, mzunguko ukae pembeni ya mwenzake, ndipo uweke unyoya. Chuma kilaini hakishiki kitu.

Mwisho weka tone la rangi ya kucha kwenye kichwa, acha ikauke usiku kucha. Na usichukue ya dada yako bila kumwambia.

Kijana wa Chwaka

Ahsanteni sana. Babu, Blue Charm yumo, tena watatu. Ya rangi ya kucha nimechelewa kuambiwa.

Nimefunga vinne vipya kwa nta. Cha kwanza nilikitupa nikaona aibu, maana kwenye kiganja ni kama si kitu, nyuzi nane na vinyoya viwili. Jana nilisubiri maji yaanze kurudi kama alivyosema wa Tumbe, nikasimama nyuma ya mkoko mmoja uliojitenga. Taa sikumwona, lakini kolekole walipita watatu kwa mstari. Wa mbele alikikosa, wa pili akakibeba. Nilipata wawili, mkubwa kilo na robo kwa mizani ya dukani.

Na lazima niseme ukweli. Mmoja wa wale Blue Charm nilimjaribu kwa ukaidi, kuona tu. Alikamatwa mara ya kwanza niliyomtupa, mshipi ukanguruma sekunde chache, kisha ukalegea. Ndoana imerudi imenyooka kama sindano ya kofia.

Mshona kofia

Niletee, tundu si inalo?

Mtu wa Tumbe

Na hao wawili, uliwabusu?

Kijana wa Chwaka

Mmoja mama kampaka nazi. Wa pili kapelekewa dada, fidia ya rangi ya kucha.